Vipande vya Babu: kutoka Kwale hadi Newala

Jumamosi. Makongeni, Lunga Lunga, Tanga

Gari letu lilikuwa la saa mbili asubuhi, lakini Baba alishavaa koti tangu saa kumi alfajiri. Mfuko wa ndani wa koti una pasipoti, na tangu tutoke Msambweni ameupapasa mfuko huo mara nyingi kuliko alivyonisemesha. Mimi nimepewa kubeba kopo la Babu. Ni kopo la majani ya chai, kutu imeula ukingo wake, limefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Ndani mna vipande vyake vya kazi: kadi za mashamba ya mkonge na ya miwa, kila moja ina vyumba vya siku 30, na chumba cha siku aliyofanya kazi kimepigwa alama. Zamani siku 30 za kazi zikitimia ndipo mtu alipwe. Ukiugua, siku hiyo haimo, na mshahara unasogea mbele. Babu hakutupa kadi hata moja.

Alikuwa Mmakonde wa Msumbiji, mtu wa uwanda wa juu wa Mueda. Alifariki 2009 pale Makongeni, na majirani zake Wadigo wakamzika kama mtu wao. Lakini habari haikufika kwao. Kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Mtu akifa ni lazima upande ule uambiwe, wapwa na wajomba wakae kitako, la sivyo msiba haujafungwa. Baba ameuacha hivyo miaka yote kwa kuwa hakuwa na karatasi ya kuvukia mpaka.

Wakenya wengi mnaijua sehemu ya kisa hiki. Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale waliondoka kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho, wakapokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka uliofuata wakahesabiwa rasmi kuwa kabila la 43. Baba alikuwamo, na goti lake la kushoto halijamsamehe hadi leo. Kitambulisho chake cha kwanza alikipata akiwa tayari na wajukuu. Pasipoti imechelewa zaidi, maana alisema hawezi kuwasumbua watu wa serikali mara mbili.

Pale Horohoro, afisa wa uhamiaji upande wa Tanzania alimuuliza anakwenda kufanya nini.

"Kupeleka habari za msiba."

"Pole sana, mzee. Umetokea lini?"

"2009."

Afisa akainua kichwa, akamtazama, akanitazama na mimi, kisha akagonga muhuri. Baba aliufungua ukurasa ule garini, akaupuliza wino ambao ulikuwa umekwisha kukauka.

Jumapili. Muheza, Korogwe

Babu hakuja Kenya moja kwa moja. Alipita hapa kwanza, Tanga ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa wameunda ofisi yao ya kutafuta vibarua, ndiyo ile SILABU ambayo wazee wa huku wanaitaja kama vile ilifungwa juzi. Malori yake yaliwazoa watu Kigoma, Songea, mpaka Kusini kabisa. Wakiitwa manamba. Kambini walipangwa kwa makabila, na Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, ambao wenyeji waliwaita Wamawia, walikaa safu yao peke yao kwa sababu watu waliziogopa chale zao za usoni na meno yao yaliyochongwa.

Tulimkuta mzee mmoja wa Kiha, amekaa nje ya nyumba ya kambi ambayo sasa ni yake. Alikuja akiwa kijana na hakurudi. Baba alipomfungulia lile kopo, mzee alichukua kadi moja akaishika mbali na macho, akaisoma kwa kidole, chumba kwa chumba, midomo ikicheza. Alipofika mahali penye vyumba vitatu vitupu mfululizo akasema, "Hapa aliumwa." Halafu akageuza kadi nyingine. "Na hapa aliumwa na akaenda vivyo hivyo. Ona, alama nusu."

Akatuonyesha kazi yenyewe. Jani la mkonge hukatwa kwenye shina, kisha ule mwiba wa ncha huondolewa kwanza, maana ndio unaotoboa macho. Majani 30 ni tita moja. Matita hubebwa kichwani au begani hadi kwenye reli ya shamba, yapelekwe korona, mashine inayoponda na kukwangua nyama yote ibaki singa nyeupe. Maji ya mkonge yakikugusa yanawasha mpaka usiku. Nilikumbuka Babu alivyokuwa akijipaka mafuta ya nazi mikononi kila jioni, hata alipokuwa ameachana na mkonge miaka mingi. Sisi watoto tulidhani ni urembo wa wazee.

Nilitaka kuiona korona na nimeiona, au tuseme nimeisikia harufu yake kabla ya kuiona: chachu nzito ya majani yaliyooza, inayokaa kwenye nguo. Baba alisimama pale muda mrefu. Alikuwa amezaliwa Ramisi, kwenye mashamba ya miwa ya Kwale, hajui mkonge, lakini aliniambia anaijua harufu hii. Ilikuwa kwenye blanketi.

Mkonge wenyewe, kwa taarifa yenu, nao ni mhamiaji. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika Tanganyika 62 tu ikiwa hai. Yote hii inayojaa macho kutoka hapa hadi milima ya Usambara ilianzia kwenye hiyo 62. Haikuulizwa kitambulisho.

Jumatatu. Dar es Salaam

Joto, foleni, na goti la Baba. Siku ya kupita tu.

Mambo mawili. La kwanza, Mwenge, kwa wachonga vinyago. Babu alichonga kila Jumapili chini ya mwembe: vinu, miko, na akipata kipande cha mpingo, watu waliopandana mabegani, kizazi juu ya kizazi. Kuna dalali aliyekuwa akivichukua kwenda kuwauzia watalii Diani, na bei aliyompa Babu ilitosha sukari na mafuta ya taa. Mwenge tuliona kazi za namna ile ile, na Baba akauliza bei. Alipotajiwa, hakusema neno mpaka tulipotoka nje. Akasema, "Kumbe."

La pili, laini ya simu. Tanzania husajili laini kwa alama za vidole, na mgeni huja na pasipoti. Kijana wa kibandani alimwambia Baba aweke kidole gumba. Baba akauliza kama laini itakuwa kwa jina lake mwenyewe. Kijana hakuelewa swali. Itakuwa kwa jina la nani tena?

Niwaeleze. Simu ya kwanza ya Baba ilisajiliwa kwa jina la jirani yetu. Pesa za M-Pesa tulizotumiwa zilipitia kwa jirani huyo huyo, na nashukuru Mungu alikuwa mtu mwaminifu. Kiwanja cha Babu kilinunuliwa kwa jina la Mdigo mwingine, rafiki yake wa shamba la miwa, na rafiki alipofariki ilibidi tuwaangukie watoto wake. Babu alikata miwa ya Ramisi kuanzia katikati ya miaka ya 1950 hadi kiwanda kilipofungwa 1988. Huwezi kuonyesha mahali pengine popote jina lake lilipoandikwa Kenya, isipokuwa kwenye zile kadi.

Jumanne. Barabara ya Kusini

Basi limeondoka alfajiri. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji tulilipita Baba akiwa amelala, nikamwamsha. Kabla halijafunguliwa 2003 watu walivushwa kwa kivuko, na mvua zikija Kusini ilikatika na nchi kwa wiki nyingi. Abiria wa kiti cha mbele, mama wa Lindi, akasema hata sasa haijaungana vizuri: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara maeneo ya Somanga na mabasi yakalala njiani. Tulipita pale polepole.

Mama huyo alipojua Baba ni Mmakonde wa Kenya alicheka mpaka akashika mbavu. "Wamakonde mmefika mpaka huko! Mnakula panya huko?" Ni utani wa watu wa pwani ya kusini kwa Wamakonde, wa tangu enzi, na mtu asiyeuzoea anaweza kukasirika. Baba hakuujua. Nikaona shingo yake inakakamaa, maana kwetu maneno kama hayo hayakuwa utani. Mama akagundua, akampa andazi na kumwambia, "Kaka, huku unatakiwa unijibu." Hadi tunafika Mingoyo Baba alikuwa amemjibu vya kutosha.

Kulala Masasi, chini ya yale majabali.

Jumatano. Nachingwea

Hapa tumekuja kwa ajili ya karanga.

Babu alisimulia kidogo sana, na alichosimulia mara nyingi ni hiki cha karanga, kwa sababu kilimchekesha. Alitoroka Mueda akiwa kijana. Wareno walikuwa na kazi ya lazima, ile waliyoiita chibalo, na tangu 1938 kila familia ilichapwa kulima pamba waitake wasiitake, na kuiuza kwa bei wanayopanga wao. Ukipungukiwa, unapigwa viganjani kwa kibao chenye matundu. Alivuka Ruvuma usiku kwa mtumbwi akiwa na panga na shuka. Ng'ambo akasikia Waingereza wanaajiri watu wasiohesabika, huko Nachingwea, kulima karanga.

Mpango ule ulianza 1947. Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita, ikaamua kufyeka mapori ya Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa meli, bandari ya Mtwara ikachimbwa, reli ikajengwa. Mwanzoni mwa 1951 wakauzika mpango wenyewe baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Babu alikuwa kwenye kikosi cha kung'oa visiki. Alisema waliona matrekta mengi kuliko karanga. Akiona mtu anafanya jambo kwa kishindo lisilo na faida, hata mtoto akipiga deki kwa ndoo tatu, alimwambia, "Wewe unalima karanga ya Mzungu."

Reli haipo, iling'olewa miaka ya 1960. Tulimwomba kijana wa bodaboda atupeleke tuone ilikopita, akatuonyesha tuta refu lililonyooka katikati ya mikorosho, akasema ni la reli. Sina sababu ya kumbishia. Baba alitembea juu ya tuta, mikono nyuma, kama mkaguzi.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba moja ya mashamba yale ya karanga, Farm 17, ndilo lililokuja kuwa kambi ya mafunzo ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ambako Samora Machel aliwafundisha vijana vita. Yaani pale alipong'oa visiki Babu, au wenzake, ndipo walipokuja kupiga gwaride watoto wa wale waliobaki nyumbani. Nilipomwambia Baba, aliguna. Kuna jambo linamkera hapa, na usiku alilitoa. Mombasa na Tanga, Wamakonde walikuwa na vyama vyao, na kutokana na hivyo ndiko ilikotoka MANU, moja ya vyama vilivyounganika Dar es Salaam mwaka 1962 kuwa FRELIMO. Wenzake Babu walitoa michango. Wengine walirudi kupigana. Babu alitoa shilingi zake, akabaki kukata miwa.

"Nilimuuliza mara moja kwa nini hakurudi," Baba akasema. "Akaniambia, ningerudi, wewe ungekula nini?"

Alikuwa amekasirika alipojibiwa hivyo, na naona bado hajamaliza kukasirika. Mimi nadhani lilikuwa jibu kamili. Tumelala bila kukubaliana.

Alhamisi. Newala

Barabara inapanda, hewa inapoa, na mikorosho haina mwisho. Ni msimu wa kuokota: wanawake na watoto wamejikunja chini ya miti, wanasokota korosho kutoka kwenye mabibo, na njia nzima inanukia mabibo yaliyoiva kupita kiasi. Mahali fulani wanakamua uraka, pombe ya mabibo. Baba alitaka kuonja. Nilimkumbusha dawa za presha. Akaonja.

Jioni mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu aliyetusaidia kuwatafuta ndugu kwa simu na kwa kuulizia misikitini na makanisani, alitupeleka Shimo la Mungu. Uwanda unakatika ghafla, ardhi inaporomoka chini, na huko mbali bonde la Ruvuma limetanda, mto wenyewe ni mstari wa mchanga unaong'aa. Ng'ambo ni Msumbiji. Mueda haionekani kutoka hapa, lakini mwalimu alinyoosha mkono kuonyesha upande ilipo, na Baba akasogea akasimama pale pale aliposimama mwalimu ili anyooshe na yeye.

Tulikuwa tumepanga kuvuka. Kuna daraja tangu 2010, lile la Umoja pale Mtambaswala. Lakini vita vya Cabo Delgado vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 havijaisha, na kila mtu tuliyemuuliza hapa, kuanzia mwalimu hadi dereva, ametuambia tusijaribu. Baba alisema baba yake alivuka usiku kwa mtumbwi Wareno wakimtafuta. Mwalimu akamjibu kwa upole, "Ndiyo, kaka. Lakini yeye alikuwa anatoka."

Ijumaa. Newala

Dada mdogo wa Babu aliikimbia vita ya 1964 akavuka na watoto wake, akakaa kijiji kilicho karibu na hapa hadi kufa kwake. Mwanawe wa kiume yupo. Ndiye mpwa wa Babu, na kwa desturi yeye ndiye mwenye msiba, siye Baba. Ni mzee mwembamba, mrefu, ana paji la uso la Babu kabisa. Nilipomwamkia shikamoo sauti ilinikwama.

Tulikalishwa mkekani. Baba alianza kwa Kimakonde alichojifunza kwa Babu, kile cha Kwale kilichochanganyika na Kidigo, watoto waliokuwa dirishani wakaangua kicheko, akahamia Kiswahili. Akasema alichokuja kusema: mjomba wako alifariki, tarehe fulani, ugonjwa huu, amezikwa mahali hapa, hakuacha deni. Mzee akainamisha kichwa. Wanawake wakalia kidogo, kilio cha adabu, cha mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Kisha mzee akauliza jina la mama yake Babu, Baba akalitaja, na hapo ndipo kilio kikawa cha kweli, maana jina hilo analo msichana wa nyumba hiyo.

Akapiga simu Mueda, kwa bibi mmoja, binti wa dada mkubwa wa Babu. Simu iliwekwa sauti ya wote wasikie. Ilikatika, ikarudi, ikakatika. Bibi alisema anamkumbuka mjomba kwa jambo moja: marehemu mama yake alikuwa akimtengea chakula siku za sherehe, miaka na miaka, akisema amekwenda Nachingwea kwenye karanga na karanga zikivunwa atarudi. Baba akacheka huku akijifuta macho kwa mkono wa koti.

Nikafungua kopo. Mzee alizipanga kadi mkekani kwa safu, akamwita mjukuu wake anayesoma kidato cha tatu azihesabu. Zilifika 211, na kadi moja ni siku 30, kwa hiyo kijana akapiga hesabu kwenye simu: siku 6,330 za kazi, ukihesabu na vile vyumba vitupu. Na hizo ni zilizomo koponi tu, kuna nyingine zililiwa na mchwa. Mzee akazitazama kwa muda.

"Na pesa zake ziko wapi?"

"Ndizo sisi," Baba akasema. "Shule, chakula. Na huyu," akaninyooshea kidole, "amesoma chuo."

Mzee hakuridhika sana na jibu hilo, na sioni kwa nini aridhike. Akaeleza kwamba mjomba aliacha shamba dogo alilolima alipopita hapa, mama yake mzee huyu akapanda mikorosho humo, na mikorosho hiyo bado inazaa. Baba akanyanyua uso. Mzee akamwahi: shamba ni la ukoo wa mama, watoto wa mwanamume hawana chao humo, asije akaota ndoto. Watu wote wakacheka, Baba akiwamo, ingawa alichelewa kidogo.

Halafu yakaja majadiliano ya kadi. Mzee alizitaka zibaki kwake, kwa kuwa ndiye mwenye msiba. Baba akasema kadi haziwezi kubaki, ndizo karatasi pekee za baba yake. Ilichukua muda mrefu, na chai mara mbili. Mwisho za Tanga zimebaki Newala, na za Ramisi zinarudi Kwale. Mjukuu ameagizwa azipige picha zote.

Kuhusu kufunga msiba, mzee amesema hakuna kitakachofanyika kabla ya mnada wa korosho na wakulima kulipwa, kwa sababu mapiko, wachezaji wetu wa vinyago vya kuvaa, watacheza na watu watakula, na mfukoni sasa hivi hakuna kitu. Baba atatoa mbuzi wawili. Baba akasema mmoja, yeye ni mgeni. Mzee akamwambia mgeni ni aliyekuja jana. Yeye amechelewa miaka 15, na kwa kuchelewa ni mbuzi wawili na gunia la mchele.

Wamefikia mbuzi mmoja na nusu gunia. Kesho tunapanda basi la saa kumi na moja alfajiri, na Baba ameshavaa koti.